Jalada la Mama Mjini Saint Paul

Niliondoka Moshi mwezi wa Februari, katikati ya miaka ya tisini, kwa sababu moyo wa mama yetu ulikuwa ukipiga polepole mno, na daktari wake alisema hatamaliza mwaka bila kifaa cha kuuongoza. Kwetu hakikupatikana. Hospitali moja ya Minneapolis, Marekani, ambako kaka yangu Elisante alikuwa ametibu mioyo kwa miaka mingi, ilikubali kututolea kimoja. Kilichobaki ni kibali cha serikali ya huko cha kukisafirisha, na kaka alikuwa ameiacha hospitali akaajiriwa na ofisi ile ile ya vibali.

Kabla ya safari niliiandikia ofisi hiyo, nikaeleza kwa fahari kwamba mgonjwa ni mama mzazi wa ofisa wao. Kwetu barua ya namna hiyo hufungua milango.

Uwanja wa ndege kaka alinipokea akiwa na koti zito la kunivisha. Tulipokaribia nyumbani kwake, mtaa wa Phillips, theluji ikiwa imerundikwa kando ya barabara kama mchanga wa ujenzi, alinieleza kwamba jalada la Mama lilikuwa mezani kwake. Barua yangu ilipofika, alilazimika kulikabidhi kwa mwenzake, kwa kuwa sheria haimruhusu ofisa kushughulikia jalada la ndugu yake.

"Mdogo wangu, umeandika barua nzuri mno," alisema. "Ungenyamaza, ningesaini Ijumaa ile."

Sikulala vizuri.

Asubuhi, ofisini kwake Saint Paul, mji wa jirani, nilimkuta amevaa tai katikati ya makabati ya majalada. Nilimuuliza kwa nini aliacha wagonjwa. Alisema aliwahi kumwekea mzee mmoja kifaa kisicho na dosari machoni, kikazima baada ya wiki. Tangu hapo alitaka kusimama mahali vifaa vinapopita kabla ya kumfikia daktari. Maneno niliyaelewa. Sikumwelewa mtu aliyepanda cheo hadi asiweze kumsaidia mama yake.

Siku ya nne mwenzake, mama wa makamo aitwaye Ingrid, alituita. Alifungua boksi, akasoma namba iliyochongwa kwenye kifaa, kisha akailinganisha na orodha ndefu. Kilikuwa cha toleo lililoagizwa kurudishwa kiwandani kwa hitilafu ya betri. Alikataa kukipitisha. Nilimsihi kaka kwa Kiswahili aseme neno lolote. Alitikisa kichwa.

Tukirudi Phillips alizima gari mbele ya nyumba, asishuke.

"Mimi nisingelifungua boksi," alisema. "Karatasi zilikuwa safi. Na alikuwa Mama."

Nilishuka, nikazunguka kumfungulia mlango.

Moshi nilirudi mikono mitupu. Kifaa kingine kilifika mwezi wa Aprili kikiwa na saini ya Ingrid, na baada ya muda Mama akawa anapanda ngazi za kanisa bila kupumzika. Nilichojifunza ni kwamba kosa langu lilimwokoa, na bado sijui kama nalijutia.

Siku moja aliniuliza, "Elisante alikikagua hiki changu kwa mikono yake?"

"Hapana, Mama. Ndiyo maana uko hapa."

Aliniuliza kama safari ile ilinichosha hadi nazungumza ovyo hivyo.