Siku Kaseti ya Baba Kwamboka Iliponisema Ukumbini

Ilikuwa mwaka wa 2022, mwezi wa Agosti, mahindi yakikauka mashambani na mabango ya wagombea wa uchaguzi yakiwa bado yananing'inia kwenye miti, nami nikiwa mjane wa miaka sitini na mitatu mwenye meno yangu yote na kiburi changu chote, nilipoaibika mbele ya ukumbi mzima, na aibu hiyo hakuniletea adui wala mchawi, nililetewa na sauti yangu mwenyewe. Nimeusikia mkasa huu ukisimuliwa vibaya sokoni (wapo wanaosema nilizirai, jambo ambalo si kweli, nilikaa chini ghafla tu), kwa hiyo naomba niusimulie mimi mwenyewe, kwa utaratibu wake.

Marehemu mume wangu, Baba Kwamboka, alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai hapa kwetu Manga, na katika maisha yake alipenda watu wawili, mimi na mpiga tarumbeta mmoja wa bendi ya jazi, mzaliwa wa ukingo huuhuu wa Manga aliyekwenda Nairobi akawa gwiji, ambaye wapenzi wake wanamwita Pumzi Ndefu kwa sababu angeweza kuishika sauti moja ya tarumbeta mpaka wewe msikilizaji ukajikuta unatafuta hewa kwa niaba yake. Gwiji huyo alishafariki, lakini wapenzi wake wana chama, na kila Agosti hukutana Nyanchwa katika ukumbi wa kukodi, siku ya Jumapili, maana Jumamosi sisi Waadventista tuko kanisani na Wakatoliki nao hutoka Misa mapema, wakasikiliza santuri zake na kubishana juu yake jinsi watu wengine wanavyobishana juu ya mpira.

Sasa, Ijumaa moja ya Novemba mwaka wa 1987, redio ilirusha onyesho la bendi hiyo moja kwa moja, na Baba Kwamboka akalinasa. Hakuwa na nyaya wala mitambo. Aliiazima redio ya jirani, akaiweka mezani jikoni ikitazamana na redio kaseti yetu, moja ikiimba na nyingine ikisikiliza, kama majirani wawili wanaoteta. Hivyo ndivyo wapenzi wote walivyofanya siku hizo. Onyesho hilo halikupatikana kwa mtu mwingine yeyote, na kaseti ya Baba Kwamboka ikawa kitu cha kutajwa kwa sauti ya chini, ingawa hakuwahi kuitoa nyumbani.

Alipofariki, mwaka wa 2019, nguo zake ziligawiwa ndugu zake baada ya mazishi kama ilivyo desturi yetu, na koti lake hadi leo naliona likipita njiani likiwa na mtu mwingine ndani. Kilichobaki mikononi mwangu, ambacho yeye alikuwa akikipangusa vumbi kila Jumapili kwa kitambaa chake, ni kaseti hiyo. Basi katika kikao kimoja aliposimama Bwana Ogeto, muuza vipuri wa Masimba na makamu mwenyekiti wa chama, akasema kwamba kaseti ya thamani namna hiyo inapaswa kutunzwa na mpenzi halisi wa Pumzi Ndefu, na kwamba mtu hawi mpenzi kwa kuolewa tu, niliona anataka kuchukua koti la pili. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Mogaka (mstaafu, mtu wa haki mpaka anaudhi), akaamua kwamba nije kwenye mkutano wa tarehe 21 Agosti, nizungumze, kaseti ichezwe, kisha wanachama waamue kama nitarithi kiti cha mume wangu chamani na kaseti ibaki kwangu, au niikabidhi.

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Alhamisi kabla ya mkutano, Mwalimu alinipigia simu.

"Mama Kwamboka, pitia kwangu kesho tuijaribu hiyo kaseti kwanza. Nimeazima mashine."

"Mwalimu," nikamjibu, "kaseti hiyo naijua kama ninavyoijua Zaburi ya ishirini na tatu."

Ukweli ni kwamba sikuwahi kuisikiliza; Baba Kwamboka aliicheza nisipokuwapo, na tangu mazishi haikuchezwa. Redio kaseti yetu ilikuwa imekufa, na hata ingekuwa hai nisingethubutu. Lakini ningemwelezaje mtu hayo kwa simu? Mimi ni mwanamke niliyeingia darasani na watu wazima wenzangu wakinicheka, nikafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2006 nikiwa na miaka arobaini na saba, nikapita, na tangu siku hiyo sipendi kujaribiwa kabla ya wakati.

Jumapili nikavaa gauni langu la samawati na kilemba chake, nikaifunga kaseti ndani ya leso, nikapanda bodaboda nikiwa nimekaa upande, mkono mmoja kifuani juu ya leso kama aliyebeba kifaranga. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazee wawili walikuwa tayari wanashindana kuiga tarumbeta kwa midomo, mashavu yamevimba kama maandazi, na mbele kabisa, karibu na Mwalimu, alikuwapo mgeni wa heshima, mtangazaji wa redio kutoka Nairobi, binti mpole asiyejua neno la Kigusii, ambaye Mwalimu aliahidi kumtafsiria kila kitu kwa kipaza sauti ili asipitwe.

Ogeto akanipokea mlangoni. "Omong'ina, mama yetu, karibu. Leo utatupulizia mwenyewe?"

"Ogeto," nikasema, "nitapuliza wewe ukishaamka. Mwaka jana si ulisinzia wimbo wa kwanza hadi soda zikaletwa?"

Watu wakacheka, naye akacheka, nami kicheko kile kikanipanda kichwani. Nilipopewa nafasi, badala ya kusema maneno mawili ya kawaida na kukaa, nilihutubu. Nikasema kwamba katika nyumba yangu Pumzi Ndefu alipopuliza, hata kuku walinyamaza. Nikasema kwamba tangu siku ya kwanza nilipomsikia, sikuruhusu mtu kugusa kijiko. Nikasema (Mungu anisamehe) kwamba mimi na marehemu tulikuwa tukiusikiliza muziki huo kama watu walio katika sala. Mgeni akaandika. Makofi yakapigwa. Nikamkabidhi Mwalimu kaseti kwa mikono miwili, akaitia ndani ya mashine, akabonyeza.

Ukaja mvumo wa kaseti za zamani, kisha ngoma, gitaa, halafu tarumbeta likaingia, mbali na karibu kwa wakati mmoja, na ukumbi wote ukashusha pumzi. Mzee mmoja akafumba macho. Kisha, juu ya tarumbeta, sufuria ikaanguka. Nakumbuka niliangalia mlangoni nikidhani ni wapishi wa nje. Ikaanguka na ya pili, na mwanamke akapaza sauti kali, changa, yenye nguvu za miaka ishirini na minane, kwa Kigusii safi cha Manga:

"Baba Kwamboka! Jua linazama, Sabato inaingia, maji hayajachotwa, nawe umekumbatia meza! Zima hiyo kelele! Huyo mtu anapuliza kama ng'ombe aliyekwama matopeni!"

(Hapo nimetafsiri kwa staha. Ya asili ilikuwa na maneno mengine kuhusu huyo ng'ombe.)

Mnaojua nyumba ya Kiadventista mnaijua Ijumaa jioni, kwamba kila kitu sharti kipikwe, kifuliwe na kipanguswe kabla jua halijatua, na mwanamke anakimbizana na mwanga. Redio ilirusha onyesho saa hiyohiyo, na mashine iliyonasa tarumbeta kupitia hewa ya jikoni ilinasa na jikoni kwenyewe. Hilo sikuwahi kulifikiria.

 Kabla mtu hajacheka, Mwalimu Mogaka, mtu wa haki, akainua kipaza sauti kutimiza ahadi yake. "Anasema jua linazama. Anasema mtu huyo anapuliza kama ng'ombe aliyekwama matopeni."

"Nani anasema hivyo?" mgeni akauliza.

Mwalimu akanitazama. Nilimwomba kwa macho. "Ni mheshimiwa aliyetoka kuhutubu," akasema.

Basi ukumbi ukapasuka. Watu walishikana mabega, wengine walisimama wakakaa tena, na yule aliyefumba macho alikuwa akijipiga paja akirudia "ng'ombe! ng'ombe!" nami nikaondoka kitini bila kujua nimeondoka, nikaifikia mashine, nikabonyeza kitufe cha kwanza nilichokiona, sauti ikawa ileile, nikabonyeza cha pili na cha tatu kwa pamoja, na mashine ikatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa. Mwalimu alipofungua mlango wake, utepe ulitoka umejikunja mikononi mwake, mweusi, mrefu, kama utumbo.

Kicheko kilikatika. Hapo ndipo nilipokaa chini, sakafuni, na gauni langu la samawati. Hawakuwa tena na haja ya kuninyang'anya kitu, nilikuwa nimekiharibu mwenyewe, mkono wa mwisho wa Baba Kwamboka uliobaki duniani.

"Mwacheni mama," nikasikia. Alikuwa Ogeto. Alikuja akapiga magoti, akauchukua utepe kwa vidole viwili, akaunyoosha kidogo kidogo juu ya leso yangu, akipulizia hewa penye mkunjo, kisha akatoa biro mfukoni, akaichomeka kwenye tundu la kaseti na kuanza kuuzungusha utepe ndani, polepole, kama tulivyofanya sote zamani. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyenywa soda. "Mumeo aliniambia hataitoa hii kaseti nje kwa sababu ina siri ya nyumba," akasema bila kuinua kichwa. "Miaka yote nikadhani ni uchoyo."

Akairudisha kwenye mashine na kubonyeza yeye mwenyewe. Ng'ombe akapita tena, na safari hii waliocheka walicheka kwa kuziba midomo. Kisha ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mitatu, ya utulivu, yenye tabasamu ndani yake:

"Mama Kwamboka, njoo. Njoo usikie hii pumzi moja tu, kisha nitazima."

Nyayo zikasikika, zangu. Kiti kikavutwa. Na Pumzi Ndefu akaishika ile sauti, akaishika, ikayumba kidogo mahali nilipoikunja mimi, ikasimama tena, ikaendelea, na jikoni kwetu mwaka wa 1987 hakukuwa na sufuria, wala kijiko, wala neno. Kisha yule mwanamke mkali akauliza kwa sauti ndogo kabisa:

"Amemaliza?"

Naye akamjibu, "Bado."

Mwalimu hakuitafsiri hiyo. Nafikiri hakuweza.

Kwa kuwa kanuni ni kanuni, uamuzi haukufanywa siku hiyo ya machozi, uliahirishwa, na mimi kwa muda huo wote nikapita njia za nyuma nisikutane na watu, maana vijana wa bodaboda walikuwa wakilia kama ng'ombe kila waliponiona. Nimeapa tangu wakati huo kwamba sitahutubu tena juu ya jambo nisilolisikiliza hadi mwisho, na kwamba mtu akiniambia tujaribu kwanza, nitajaribu.

Shauri likamalizwa rasmi Jumapili ya tarehe 13 Novemba 2022, katika ukumbi uleule. Mwanachama mmoja fundi wa mitambo alipendekeza nakala itengenezwe, na kelele za jikoni ziondolewe ili tarumbeta libaki safi. Ogeto akasimama.

"Ukimtoa mama, umetoa na ule ukimya wake," akasema. "Na mimi sijasikia mtu akimsikiliza Pumzi Ndefu namna ile. Hata mimi hulala."

Mikono ikainuliwa. Kaseti ibaki kwangu, nakala iwe na kila kitu, ng'ombe pamoja, nami nikae katika kiti cha mume wangu. Nikakaa. Kisha wakaicheza, na ilipofika pale mwanamke anapouliza kama amemaliza, ukumbi mzima, wazee kwa vijana, ukajibu pamoja na Baba Kwamboka:

"Bado!"