Mama yangu alipiga yowe katikati ya maandamano, sungusungu wakaja na marungu

Wakuu, habari za mchana. Hii siyo chai, ni kweli tupu. Nilikuwepo mwenyewe na nyayo bado zinaniuma.

Mimi nafanya kazi kwenye karasha, tunaponda mawe ya dhahabu huku Rwamgasa. Kwetu ni kijijini, upande wa Bukombe.

Mama yangu ana macho mekundu. Sababu inajulikana: kuni hakuna, miaka yote anapikia mavi ya ng'ombe makavu, na moshi wake mnaujua. Lakini bibi mwenye macho mekundu kwetu anaitwa mchawi, mnajua pia.

Juzi kati ndama watatu wa jirani walikufa. Maneno yakaanza. Asubuhi moja mama akakuta karatasi mlangoni: "Hama, la sivyo tutakuhamisha."

Nikamwambia aje kwangu. Akakataa katakata. "Karatasi siiogopi, Masanja. Naogopa nikipiga yowe, nani atakuja?"

Kwa wasiojua, yowe kwetu (Wasukuma tunaita mwano) ni sheria. Ukilisikia unaacha ugali, unakimbia na rungu. Usipotokea, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wanakushughulikia. Ila kijiji cha pili kuna bibi alipiga yowe, na kila mtu akasema alikuwa amelala. Tulimzika.

Basi akina mama wa kata wakapata kibali cha kuandamana hadi ofisi ya kata, kudai wazee walindwe. Mama akanipigia simu, na yeye yumo. Nikadandia bodaboda mbio.

Plan yangu ilikuwa nitembee pembeni kama simjui mtu. Mwanaume mzima kwenye maandamano ya wanawake, niliona aibu, sifichi.

Dakika kumi hazikuisha, nimeshikishwa bango! Mabibi na mikongojo yao mbele, mabinti na watoto mgongoni nyuma, vumbi, vigelegele. Wakuu, niliimba mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe.

Tulipofika karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe mzuka ukampanda mama. Akasahau alipo, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano. Mabibi wote wakaitikia.

Aisee!

Wanaume wakaanza kutoka kila upande. Wa mashambani, wa machungani, mmoja ana povu la sabuni kichwani, alikuwa anaoga. Marungu juu. Kamanda wa sungusungu mbele, anahema: "Mwizi yuko wapi? Ng'ombe wameelekea wapi?"

Nyimbo zikakatika. Kupiga yowe bure ni kosa kubwa, hata mtoto anajua.

"Nani kapiga?"

Nikamshika mama mkono. Akauchomoa, akasogea mbele.

"Ni mimi."

Akawatazama mmoja mmoja, na mwenye ndama alikuwemo, rungu mkononi. Mama akaanza kutabasamu.

"Kumbe mnasikia," akasema. "Basi na usiku mtasikia."

Mama akafungua fundo la khanga, akatoa ile karatasi. Kamanda akaisoma kwa sauti, wote wakasikia. Akaikunja taratibu.

"Jambo hili limeisha, mayu?" Mayu ni mama.

"Halijaisha."

"Aliyeitikia mwano harudi nyumbani kabla jambo halijaisha. Twendeni."

Wakatembea na sisi hadi ofisi ya kata, marungu begani, yule wa povu naye yumo. Mwenye ndama alitembea ameinamisha kichwa, lakini alitembea. Mimi nililia njia nzima na bango langu, na sikujali nani ananiona.

Nilichojifunza: miaka yote nilikuwa natuma sukari na sabuni nikidhani namlinda mama. Alichohitaji ni watu wa kutoka nje akiita.

Mama yuko kwake mpaka leo, hajahama.

Wale wa kusema nimelishwa kitu na wanawake, karibuni, nawasubiri kwa hamu. Ila kwanza nijibuni hili: bibi wa jirani yako akipiga yowe leo, wewe utatoka, au utakuwa umelala?