Aliyechagua Mashine ya Futi Sita

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Elmenteita. Kimaiyo arap Langat, dereva mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amepiga magoti kando ya trekta dogo la kijivu, akipapasa meno ya mashine ya kukatia nyasi. Matatu yamevunjika. Mkono wa chuma unaoyabeba umepinda.

"Hii haitengenezeki tena," anasema. "Jumamosi naenda Nakuru na bwana wa shamba kuchagua nyingine."

Aliwahi kuchagua mara moja, mwaka 1953, miaka minne iliyopita. Dukani kulikuwa na mashine mbili, ya mkono wa futi nne na ya futi sita. Bwana alimuuliza ipi itamaliza shamba upesi.

"Niliulizwa swali la dereva, nikajibu kama dereva. Futi sita."

Wakati huo wanawake kumi na wawili walikata nyasi za ng'ombe kwa miundu. Pale shambani, asiye na kazi hana nyumba. Mashine ilipomaliza msimu wake wa kwanza, tisa waliambiwa wahame. Mmoja wao alikuwa Cheptanui, mjane, jirani yake kwa miaka saba.

Kwa desturi yao, anayetafuta amani huja na nyasi mkononi. Kimaiyo alimpelekea. Alimkuta akifunga vyungu vyake ndani ya gunia.

"Alizitazama, akacheka. Akaniuliza, 'Arap Langat, hizi umezikata kwa mkono au kwa mashine?'"

Cheptanui hakuzipokea.

Waliobaki ni watatu, wanaokata kwenye mawe na kingo za mitaro. Mmoja ni Jepkosgei, mke wa Kimaiyo. Amesikia kwamba duka limepata mashine ambayo mkono wake huinama hadi mtaroni.

"Baba Micah, mimi nitalala kwako," anamtania. "Wenzangu utawalaza wapi, juu ya trekta?"

Kimaiyo hacheki. Anakusudia kuomba ile ya futi nne, isiyofika mtaroni.

"Sitadanganya. Trekta ni kuukuu, mkono mrefu umelichosha. Nitasema hivyo."

Anaulizwa: na bwana akiamua kununua trekta jipya?

Anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Basi nitamwambia habari za wanawake. Hata miaka minne iliyopita nilikuwa na mdomo huu huu, sikuutumia."