Foleni ya Viatu Mbele ya Gurudumu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Narudia ili mtu asije akadhani nimekosea: hakuna. Shule niliishia darasa la nne. Nimebeba magunia ya ufuta mpaka bega la kulia likashuka chini ya la kushoto, na leo nina mashine tatu za kukoboa na kusaga pale Chiola, Nachingwea, zote zangu, hakuna ya benki wala ya shemeji. Na foleni nazijua. Nimepanga foleni ya salfa ya mikorosho, ya malipo ya korosho, ya maji. Kwa hiyo waliponiambia kwamba Ruangwa limekuja gurudumu la kupandia watu, na kwamba sikukuu hii foleni yake inatoka uwanjani mpaka barabarani, nilicheka. Nikasema hiyo foleni bado haijakutana na mimi.

Aliyetaka kwenda hakuwa mtoto. Watoto wangu watatu wangetosheka na lile jumba la mpira linalojazwa upepo, wanaruka ndani, wanaanguka, basi. Aliyetaka ni mama yangu mzazi. Alipita pale uwanjani akitoka Chinongwe kumwona dada yake, akaona gurudumu linazunguka na watu juu. Aliporudi nyumbani habari za dada yake hazikusikika tena, ni gurudumu tu. Mimi na yeye tunaongea Kimwera, Kiswahili chake ni cha sokoni. Lakini siku ile alisema kwa Kiswahili, ili mke wangu, ambaye ni Mmakua, awe shahidi.

"Mimi zamani napanda miti kushinda wavulana," alisema. "Nilipochezwa unyago wakasema basi, mwanamke hapandi. Tangu hapo nipo chini. Lile nataka kupanda."

Mke wangu akasema, "Lakini mama, lile si mti."

"Ndiyo maana," mama akajibu.

Nikamwahidi. Idi mosi nyumba ilijaa wageni, tukaondoka Idi pili. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho, kesho yake wenyewe wanafungua vyuma vyao na kuhamia Masasi. Nilimpakia mama mbele kwenye kirikuu yangu, mke na watoto nyuma juu ya mkeka, tukaingia Ruangwa baada ya adhuhuri.

Watu walikuwa wengi, sikatai. Walitoka Chunyu, walitoka vijiji ambavyo sikujua kama vina watu wengi hivyo, kila mtoto ana miwani ya plastiki na kila mama ana kanga mpya ambayo bado inanuka duka. Kulikuwa na foleni mbili: ya jumba la watoto, na ya gurudumu. Zote zilisimama juani, zinasukumana, zinatukanana.

Nikawatazama nikasema, hawa hawana mpangilio. Kwetu bombani hakuna anayesimama juani. Unaweka ndoo yako, unaenda zako, ndoo inakusubiria. Ya mbele ikisogea, aliyepo anasogeza na yako. Ndoo sikuwa nazo, nikavua viatu vya familia. Nikapanga yeboyebo za mama mbele, kandambili za mke wangu nyuma yake, halafu za watoto. Viatu vyangu vya ngozi nilibaki navyo, mtu mzima hawezi kuwa peku mjini. Nikawapeleka wote kwenye kibaraza cha duka la vipuri, kivulini, nikawanunulia soda.

Kijana wa tiketi alinifuata. Shati lake halina vifungo viwili vya juu, mdomo haufungi.

"Mzee, hii ni foleni ya watu, siyo ya viatu."

"Na viatu vina watu," nikamwambia. "Au unadhani vimekuja vyenyewe kutoka Nachingwea?"

Watu wakacheka. Bibi mmoja akavua vyake akaviweka nyuma ya vya mtoto wangu. Mwingine naye akaweka. Haikupita muda foleni nzima ya nyuma imegeuka viatu: katambuga, raba, kandambili za kila rangi, na wenyewe wamekaa vibarazani wanakula ubuyu. Kijana alikunja uso. Nilielewa baadaye kwa nini. Wenzake walikuwa wanasimama kwenye foleni kisha wanauza nafasi, na kiatu hakiuzi nafasi.

Nilitembea kando ya ile foleni kama bwana shamba anakagua miche. Nasema kweli, sijawahi kuona foleni nzuri kama ile.

Sasa, kitu ambacho sikukijua ni hiki. Kwenye lile jumba la mpira mtoto haingii na viatu. Anavua mlangoni, na mlango wake ulikuwa hatua chache tu kutoka foleni yangu. Zamu ya watoto ilipokwisha walitoka kama kuku waliofunguliwa banda, wakaona viatu vimetapakaa chini, kila mmoja akavaa alivyovikuta. Wengine walivaa kimoja kimoja. Wazazi wakaanza kugombania. Nilipofika mbio, foleni haipo. Kandambili za mke wangu na za watoto nilizikuta mbalimbali. Yeboyebo za mama zilikuwa zimeondoka na mtoto asiyejulikana, na nafasi yetu imeondoka nazo.

Kijana wa tiketi alisimama juu ya ngazi ya gurudumu. "Haya sasa! Wenye miguu wasimame, wenye viatu wakavitafute!"

Waliokuwa wamejificha kivulini wakakimbilia foleni, na sisi tukajikuta mkiani kabisa. Kijana akashuka akanijia, safari hii kwa sauti ya chini. "Mzee, elfu tatu kila kichwa, nawapitisha mbele sasa hivi. Bibi asiteseke."

Hela ilikuwa mfukoni. Ningeweza kuwanunua yeye na ngazi yake. Lakini mimi nafasi ya mtu sijawahi kununua. Nilipokuwa nabeba magunia, wenye hela walikuwa wanapita mbele yangu kila siku, na niliapa kwamba nikizipata zangu sitampita mtu namna ile. Nikamwambia, "Nenda kawauzie waliochoka. Sisi hatujachoka."

Mama ndiye alikuwa peku, na mchanga ule ulikuwa wa moto. Nikavua viatu vyangu vya ngozi, nikamvalisha. Vilikuwa vikubwa, anatembea navyo kama anaburuta maboksi. Mimi nikabaki na soksi mbele ya Ruangwa nzima, na aliyetaka kucheka alicheka.

Mbele yetu alisimama mama mmoja mnene wa Kimakonde. Akamtazama mama yangu kutoka kwenye kilemba mpaka kwenye vile viatu.

"Bibi wa Kimwera huyo! Ukifika juu usitafute korosho, hakuna."

Hao ni watani zetu, hakuna kukasirika. Mama akamjibu palepale, "Na wewe Mmakonde ukifika juu usianze kuchonga kiti, tutaanguka wote."

Foleni yote ikacheka. Kutoka hapo wakawa marafiki, wanatukanana kwa raha, na foleni inasogea kidogo kidogo. Mke wangu aliwapeleka watoto kwenye jumba la mpira, wakaruka, wakatoka, wakaruka tena. Mimi sikuondoka. Kila aliyejaribu kuingia kati nilimwonyesha kwa kidole njia ya nyuma. Mmoja aliniuliza, "Wewe nani hapa?" Nikamwambia, "Wa mwisho. Unataka nafasi yangu? Simama nyuma yangu."

Jua liliposhuka, kijana akamwona mama. "Bibi huyu ana presha? Wazee hawapandi."

"Presha unayo wewe," mama akasema.

Walibaki watu kama ishirini mbele yetu jenereta ilipoanza kukohoa. Ikakohoa, gurudumu likasita, walioko juu wakapiga kelele, likamalizia mzunguko kwa shida. Kijana akawashusha, akafunga mnyororo kwenye ngazi. Dizeli imekwisha, akasema, na bosi wake amesema hawanunui tena, kesho wanaondoka. Waliobaki warudishiwe hela zao.

Watu wakaanza kuguna na kutawanyika. Mama hakusogea. Alisimama tu ndani ya viatu vyangu, anatazama juu, kiti kimoja kinacheza na upepo. Nilimwona uso wake, na ni uso ambao sikutaka kurudi nao Chiola.

Nikapaza sauti. "Hakuna kuondoka mtu! Dizeli nanunua mimi."

Kijana akafungua mnyororo haraka, akageuka mtu mwema ghafla. "Hapo sawa, mzee. Basi bibi yako apande wa kwanza, peke yake."

"Hapana," nikasema. "Dizeli yangu, foleni yao. Kila mtu apande kwa zamu yake. Bibi zamu yake itafika."

"Na ikiisha tena kabla hajafika?"

"Nitanunua tena. Unanitisha na dizeli? Mimi nina mashine tatu zinakunywa dizeli kila siku."

Mke wangu alinivuta mkono, akaninong'oneza kwamba nimechanganyikiwa. Nikampa bodaboda hela na dumu, akaja na lita kumi. Jenereta ikakubali. Wakapanda wale wa mbele, wakashuka, wakapanda wengine. Wengi walinipa mkono wakishuka, na mimi niliwapokea mikono yao, kwa nini nisipokee? Huku nyuma sikio langu lilikuwa kwenye jenereta tu. Kila ikibadilisha sauti nageuka kulitazama dumu.

Ilifika zamu. Kiti kinachukua wawili. Mama akanitazama, mimi nikatazama foleni, kwa sababu bado kulikuwa na watu wa kusimamiwa. Mmakonde akamshika mkono. "Twende mtani, nisije nikafa peke yangu huko." Viatu vyangu akaviacha kwenye ngazi, akapanda peku, jinsi alivyokuwa akipanda zamani.

Walipofika juu gurudumu lilisimama kidogo, kama linavyosimama kwa kila mtu. Mmakonde alikuwa amefumba macho na anamwita Mungu. Mama alikuwa amesimamisha shingo, anageuka huku na huku, na mikono hakushika popote.

Aliposhuka nilimuuliza kwa Kimwera, umeona nini?

"Mabati," akasema. "Mji wote mabati. Sisi mtini tulikuwa tunaona paa za nyasi." Halafu akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, na kijana wa tiketi hakuthubutu kumwambia ainuke.

Wapo wanaosema huku kwetu kwamba nililiwa hela na wahuni wa Ruangwa, kwamba ningetoa ile elfu tatu kwa kila kichwa ningerudi mapema na viatu vyote. Waseme. Nafasi ya mtu sikununua, na mama yangu alipanda. Ukijumlisha mafuta ya kirikuu, tiketi, soda, chipsi, zamu za watoto kwenye jumba la mpira, bodaboda na ile dizeli, ilinigharimu shilingi laki moja, elfu arobaini na saba na mia tano.