Picha Iliyochomwa kwa Ubani

Mkate ukishika moto pembeni hutoa harufu ambayo hata leo, nikipita Mtaa wa Sikukuu, hunisimamisha katikati ya watu mpaka nisukumwe. Ni harufu ya Jumapili za Baba Mdogo Hamza, mdogo wake baba, aliyerudi kutoka masomoni Armenia na digrii ya ujenzi na begi lililojaa kadi za picha.

Tulikaa Kariakoo nyumbani kwa Bibi, mama yao, sisi watu wa Lindi upande mmoja wa ukumbi na wapangaji upande wa pili. Ilikuwa miaka ya Ujamaa na unga wa ngano ulikuwa wa foleni. Baba Mdogo alikuwa amechimbia pipa uani, na akipata unga tu, aliliwashia kuni na kubandika mikate mipana, myembamba kama kitambaa, kwenye ukuta wake wa ndani. Aliiita lavashi. Siku nyingine alitupikia nyama ya kusaga na mchele, ambavyo kule huviringishwa kwa majani ya mzabibu. Yeye alitumia ya maboga, yakapasuka yote sufuriani. Bibi alichungulia ule uji, akauliza, "Huko nyama inaonewa haya, mpaka ivishwe nguo?"

Tukishashiba alitandika mkeka na kupanga kadi zake. "Leo tunaenda wapi, mwanangu?" Mimi nilichagua, yeye akanitembeza. Tulikwenda kwenye kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, chemchemi ikitiririka humo humo, naye akanichotea maji ya bomba kwa kiganja ili niamini. Tulipita kwenye mawe ya kale yaliyochongwa misalaba yenye nakshi nyingi kama kofia za Idi. Wakati wa kutoka kanisani tulirudi kinyumenyume hadi mlangoni, maana watu wa kule hawaipi madhabahu mgongo, na kila mara niligonga ndoo. Bibi, ambaye hakukosa swala hata moja, alitutazama bila kukasirika.

"Mtembea bure si sawa na mkaa bure," alisema. "Na majumba ni majumba tu."

Jambo tusilolijua, na nyinyi nawaambia mapema, ni kwamba Baba Mdogo alikuwa ameacha mke kule, na binti mchanga. Walikuwa wakingoja ruhusa ya serikali ya kule ili wamfuate. Mke alikuwa Mkristo na ndoa ilifungwa bila Bibi kujua, kwa hiyo Baba Mdogo alinyamaza. Alitaka wafike kwanza, Bibi ampakate mjukuu, maneno yafuate baadaye. Alikuwa na picha yao moja tu. Niliwahi kuikuta katikati ya kadi: mwanamke aliyejitanda shela, amepakata mtoto. Nilimuuliza ni nani. "Mama na mtoto," akajibu, akaichukua taratibu.

Ramadhani ilipokaribia, Bibi alitoa vitu vyote vyumbani ili kuta zipakwe chokaa. Begi likafunguka, ile picha ikaanguka ukumbini, karibu na mlango wa Mama Sabina, mpangaji wetu kutoka Kilimanjaro, ambaye ukutani kwake alitundika Bikira Maria na mwanawe. Bibi aliiokota, akaisogeza karibu na macho yake yaliyokwisha kuingia ukungu, akaifuta vumbi kwa kanga.

"Huyu ni Bibi Mariamu," akasema. "Hafai kukanyagwa."

Kwetu, karatasi yenye jambo takatifu haitupwi jalalani. Huchomwa kwa adabu, na majivu yake huzikwa mahali pasipopita mguu. Bibi alitawadha, akatia ubani kwenye chetezo, akaniita uani nipepee makaa. Tuliyazika majivu chini ya asumini. Niliona fahari kupewa kazi ile.

Jioni Baba Mdogo aliporudi kazini, Bibi alimpokea na habari hizo kwa furaha. Baba Mdogo alisimama, mkono kwenye kitasa.

"Imeungua yote, mama?"

"Yote. Na ubani nimetia, usiwe na wasiwasi."

"Umefanya vyema, mama," alisema. "Ahsante."

Hakula siku ile. Jumapili iliyofuata mkeka haukutandikwa, nami nikanuna, nikidhani amenichoka.

Ruhusa haikutoka, na baadaye hata majibu ya barua zake kutoka kule yalikoma. Bibi alimtafutia mchumba, akakataa, akatafutiwa mwingine. Alifariki akiamini mwanawe amekosa tu bahati ya ndoa.

Baba Mdogo alinieleza yote baada ya hitima ya Bibi, tukiosha masinia uani, mimi tayari nina watoto wangu. Nililia. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama yake.

"Ningemwambia nini? Kwamba amemchoma mjukuu wake?" Akasugua sinia. "Wewe uliishika ile picha. Mtoto alifanana na nani? Mimi sura yake inaanza kunipotea."

Nilitafuta kichwani nikaona shela tu. Nikamwambia alikuwa na paji la uso la Bibi. Akaitikia, akasema hata yeye aliona hivyo.

Yule mtoto alikuwa mdogo wangu. Siku ile uani nilikuwa karibu naye kuliko nitakavyowahi kuwa, na nilikuwa nikipepea makaa.