Kasuku wa Mama Maurine

Ukitaka kumkasirisha Roseline, zima redio yake. Kaloleni nzima ilijua hivyo. Aliiweka dirishani ikitazama nje, na tangu kituo cha mtaa kianze kutoa maonyo ya dharura mfululizo, hakuizima hata akienda kanisani. Akili bandia ndiyo iliyofuatilia mvua na mito kule juu, ikatangaza yenyewe kwa Kiswahili safi: moto huku, maji yanakuja kule. Majirani waliibandika jina Kasuku.

"Mama Maurine, huyu Kasuku wako umemlisha nini leo, mbona hanyamazi?"

Huyo ni mumewe, Okoth, bingwa wa utani. Tangu astaafu kazi ya reli alilima sukuma wiki kando ya mto, na simu aliiacha nyumbani, maana ya kwanza ilimponyoka majini. Kasuku akitaja mto, Roseline alishuka mbio hadi ukingoni, akapiga kelele, naye Okoth akapanda. Mara nyingi maji hayakuja. Siku moja yalikuja yakazoa shamba lote, na tangu hapo mzee hakubisha tena akiitwa.

Kisha Njoki, jirani wa mlango kwa mlango, akafiwa na mama yake. Pale mtaani, msiba ukiingia nyumba moja, laini nzima ya nyumba hunyamaza. Redio kupiga domo karibu na mtu anayelia ni matusi, na hakuna anayengoja kuambiwa. Roseline alisitasita dirishani, kisha akaizima kwa mkono wake mwenyewe. Jua lilikuwa linawaka.

"Ni mpaka tuzike tu," alisema.

"Umefanya vyema, mama. Njoki ni wetu." Okoth akachukua gunia. "Wacha nikawakatie wageni mboga."

Roseline akaenda kuketi na Njoki, akampakata kichwa, wakaimba nyimbo za kanisani. Kumbe milimani mvua ilikuwa imemwagika. Kasuku hakukosea hata chembe: kwenye redio za wengine alitangaza, akarudia, akarudia tena. Wakulima wa ng'ambo walisikia, wakapanda. Mmoja wao, Mutunga, alimpigia Okoth kelele.

"Mzee, toka! Redio imesema!"

"Mke wangu hajaja bado," Okoth alimjibu, akaendelea kukata sukuma.

Walipata maiti yake upande wa chini wa mto, gunia likiwa mgongoni. Mutunga alileta maneno yale ya mwisho ya mzee hadi mlangoni kwa Roseline, maskini, akidhani anampa faraja. Hakuna kisu kilichowahi kumkata mwanamke yule hivyo.

Sasa kina mama wamejaa kwake, na Njoki, mwenye msiba wake bado mbichi, ameketi karibu naye. Redio iko dirishani, inasema kwa sauti ya juu kabisa. Wageni wanatazamana. Mmoja alinyoosha mkono aizime, Njoki akaushika.

"Iache," alisema.

Alasiri Kasuku akataja mto. Roseline aliinuka bila viatu, akawapita wote, akashuka mbio. Njoki alimfuata akilia, asimzuie. Pale ukingoni Roseline akaita kwa nguvu zake zote:

"Baba Maurine! Toka, maji yanakuja! Baba Maurine, nimekuja!"

Wakulima wakapanda mmoja mmoja, wakampita. Yeye akaendelea kuita.