Nyekundu ya Baba, Bluu ya Baba Mdogo

Mabishano ya baba na baba mdogo kuhusu pikipiki yana umri mkubwa kuliko wangu. Baba, aliyekuwa bwana mifugo kule Kamsamba, ana nyekundu ya Kijapani, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Ina moshi na kelele, lakini kwenye tope la Momba ilikuwa inaruka tu. Baba mdogo, mwalimu mstaafu wa Isongole, ana ya bluu, ya Kijapani pia, nzito, ya taratibu, isiyobugia mafuta.

"Yako ni jiko la kuni," baba mdogo husema.

"Na yako ni ng'ombe mwenye mimba," baba hujibu.

Mwaka huu miguu ya baba iligoma, hawezi tena kupiga kiki. Ndipo tukasikia kuna Mzambia anayekusanya pikipiki za zamani, na yuko tayari kuvuka mpaka aje nyumbani kwetu Tunduma, azilinganishe zote mbili, achukue moja. Bei haikumsumbua baba. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa: mtu anayejua aseme, mbele ya mdogo wake, kwamba nyekundu ndiyo bora.

Nami, mwana mwenye upendo mwingi na akili haba, nikaipeleka kwa fundi rangi. Ikarudi inang'aa kama sufuria ya harusi. Baba aliipapasa, akanishukuru mara mbili.

Siku ilipofika, baba mdogo alikuja na bluu yake kutoka Isongole, vumbi tupu. Mzambia aliizunguka nyekundu, akainama, akakwaruza chini ya tenki kwa ukucha.

"Ba tata," alimwambia baba kwa upole, akimwita mzee kwa lugha ya kwao, "mimi natafuta rangi ya kiwandani. Hapa imeshafutwa."

Akaigeukia bluu, iliyochubuka, yenye kutu kwenye madigadi, uso ukamchanua. "Hii naichukua leo."

Baba hakunitazama. Afadhali angenigombeza. Aliinamia viatu vyake, nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Baba mdogo alikuwa na haki ya kushangilia mpaka Isongole wasikie. Badala yake alisema, "Haiuzwi."

"Lakini mzee, mliniita wenyewe."

"Tulikuita. Sasa nimeghairi. Wewe unajua rangi, pikipiki huijui."

Akapanda nyekundu, akapiga kiki. Mara tatu patupu, ya nne ikaitika. Moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, baba akainua uso.

"Unasikia, kaka?" baba mdogo alipaza sauti. "Kelele tupu!"

"Shuka kwenye pikipiki yangu! Hata kuikalia hujui!" Baba alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Mgeni aliondoka nikimsindikiza peke yangu. Wazee walikuwa wamesharudi kwenye ubishi wao, na safari hii nilimwomba Mungu usiishe.